Siku Mwalimu Alipovaa Kibao

Mjukuu wangu Kerubo,

Huku Nyacheki tu wazima, na majani chai yamechipua vizuri. Unaniuliza kama uende ziara ya shule, nawe unaona haya kuongea.

Nami nilikuwa hivyo. Shuleni kwetu aliyesema Kikisii alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine. Kila mara kilinirudia mimi, basi nikaacha kuongea kabisa.

Kisha tukapelekwa kuona ziwa, kibao kikiwa shingoni mwangu. Maji yalienda mpaka yakagusa mbingu! Tulisimama midomo wazi. Mwalimu wetu, yule mkali, akanong'ona, "Enyancha." Ziwa, kwa Kikisii.

Nilivua kibao nikamwendea. Alinitazama, akainamisha kichwa, nikamvika.

Tangu siku hiyo sijanyamaza. Muulize babu yako.

Nyanya yako