Sahihi Mbili za Nyumba ya Wanandoa

Jumatatu, 6 Oktoba
Bweni la wanawake, ghorofa ya tatu, chumba cha watu wanne. Kitanda changu ni cha juu. Nikikaa, kichwa kinagusa dari. Mume wangu yuko bweni la wanaume, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ndoa ina miezi saba. Tumepata chuo kimoja, mwaka mmoja – bahati iliyoje – halafu chuo kikatupanga kama kaka na dada. Nyumba za wanandoa ni kumi na mbili tu, nyuma ya maktaba. Karani wa malazi ametuandika wa tisa kwenye orodha. Nikamuuliza tusubiri mpaka lini. Mpaka wenzenu wahitimu, akasema, au wagombane.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo kaja kunitembelea. Wageni mwisho saa kumi na mbili jioni, sebuleni tu, mlango wazi. Kwenye daftari, palipoandikwa "uhusiano", akajaza: mume. Mlezi wa bweni akavua miwani, akaivaa tena. Akasema miaka yote ameona makaka na mabinamu wa kujaza uwanja. Mume, huyu ndiye wa kwanza. Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukakaa mkono kwa mkono mbele ya televisheni – hata sijui ilikuwa inaonyesha nini. Alipoondoka nilikimbilia dirishani nimwone akivuka uwanja. Aligeuka mara tatu.

Jumapili, 19 Oktoba
Tumezunguka nje ya geti kutafuta chumba. Cha kwanza kizuri, ila mwenye nyumba hataki wanafunzi. Cha pili: bafu moja, kaya sita. Cha tatu kumbe ni hosteli ya wasichana watupu. Mume wangu kachoka. Tuvumilie tu, akasema, mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia nyingine huozea mtini. Hakucheka.
Mama mkwe kapiga simu. Kauliza kama mwanawe anakula vizuri. Nikajibu anakula. Ningemwambiaje kwamba sijui anakula nini?

Jumatano, 5 Novemba
Siku sita hajaja. Nimevuka uwanja mwenyewe; kwao wageni huruhusiwa hadi chumbani. Nilimsikia kabla sijamwona – kicheko cha tumboni, cha mtu aliyelegea mwili mzima. Nyumbani sijawahi kukisikia. Wenzake wa chumbani wanamwita Kipara, tangu siku waliyonyoana kwa mashine ya yule mrefu wanayemwita Kapteni. Kapteni akanipisha kiti: shemeji karibu, shemeji keti. Mume wangu akatandaza shuka haraka haraka. Kama vile nimekuja kukagua.
Niliporudi nikamsimulia Kamusi, wa kitanda cha chini. Tunamwita hivyo kwa sababu hakosi neno. Leo akanimiminia chai.

Jumanne, 18 Novemba
Tumepata! Waliotutangulia wengi wamechoka kusubiri, wamepanga nje. Nyumba namba nne. Chumba kimoja, jiko la kusimama mtu mmoja, dirisha linatazama mgongo wa maktaba. Karani kanipa ufunguo nikaangalie dakika kumi. Nikasimama katikati nikapanga: kitanda hapa, meza yake pale, viatu vyake mlangoni, kama kawaida yake. Nilikuwa nikivikwaa kila asubuhi na kugomba. Nina hamu hata ya kuvikwaa.
Sahihi mbili zinatakiwa, ya mke na ya mume, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo wanapewa wanaofuata.
Nilipomwambia, alisema ni habari njema. Akasema hivyo akiangalia uwanjani.

Alhamisi, 20 Novemba
Jana alisema leo. Leo kasema kesho asubuhi, ana kazi ya kikundi.
Kamusi kanisaidia kufunga sanduku. Tulipomaliza akaniuliza, taratibu, kama wote wawili tunahama. Nikajifanya natafuta soksi.

Ijumaa, 21 Novemba
Saa tano. Benchi la nje ya ofisi ya malazi. Fomu ninayo, kalamu ninayo, sahihi yangu imeshakauka. Mkabala wamekaa wanaofuata kwenye orodha. Mke ni mjamzito. Mume kampakatia mkoba. Wananitazama kwa adabu, kisha wanatazama saa.

Saa sita kasoro kumi. Amekuja. Bila mzigo wowote. Akakaa, akasoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini. Kisha akasema, "Nikikwambia ukweli utanichukia?"
Nikamwambia aseme.
"Nimetoka kwa mama nikaenda kwa mjomba. Kwa mjomba nikaja kwako. Sijawahi kukaa mahali nikawa mimi tu. Nakupenda. Ila nimeanza juzi tu kujijua."
Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu. Nimeuliza moja: "Kwa hiyo unaninyima sahihi?"
"Hapana. Ukitaka nitie, natia sasa hivi."
Kaomba dakika moja. Yuko kule bombani, ananawa uso. Naandika ili mikono ipate kazi – mikono hii, wiki saba inamtamani mtu aliyeko ng'ambo ya uwanja.
Karani kafungua mlango. Ameita jina tuliloandikishwa nalo, la mume wangu peke yake. Mjamzito kainua kichwa. Mume wangu kageuka, maji yanamchuruzika kidevuni. Hatazami mlango. Ananitazama mimi, aone kama nitasimama.