Aliyesaga Ngano Mbele Yetu

Mjukuu wangu Mghoi,

Pokea salamu za Kasigau. Mtoto wangu anaota meno, hatulali, ila babu yako, kaka yangu, hajambo. Usicheke nikikuita mjukuu. Ukoo hauangalii umri.

Umeuliza kama ule chapati kidogo tu shuleni, wenzako wasiseme unaringa. Hapana, mama. Huu ugonjwa wetu wa seliaki, wa tumbo kukataa ngano, haujui kidogo. Ngano ni ngano.

Nilipoolewa, nilienda na mama mkwe kusaga mahindi. Ndovu walikuwa wametumalizia shamba, tumebaki na debe moja. Aliyetutangulia kinuni alisaga ngano. Nikasema kwa kutetemeka, "Mama, kilo ya kwanza isafishe kinu, tuwape kuku."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka: "Bibi harusi amekuja kulisha kuku!"

Mama mkwe akanikazia macho. "Na ukiila wewe?"

"Nitaharisha wiki nzima, Mama."

Akamgeukia msagaji. "Mimina. Hiyo ni ya kuku."

Kumbe alihitaji kuambiwa tu. Mwambie mpishi wenu akuwekee viazi au muhogo kando, hata kama sauti itakutetemeka. Mwambie kesho.

Nyanya yako mdogo,
Wakesho