Wishwa wa Mtama

Mke wangu, Mama Athumani,

Salamu za leo zinatoka kwenye kinu chako. Najua ungekuwapo ungeshika kiuno ucheke, maana hapa kisiwani Chula mwanamume akitwanga huwa habari ya mtaa mzima. Jirani yetu Bi Amina alichungulia juu ya ua. "Mchu mume, mwanamume mzima, kushika mchi! Baba Athumani, injini za mashua zimekwisha, sasa unatengeneza kinu?"

Nikamwambia natwanga mtama.

"Na kupepeta nani atakupepetea?"

"Sipepeti."

Akarudisha kichwa chake nyuma ya ua. Alikumbuka ni nani aliyekuwa hapepeti.

Unakumbuka ugomvi wetu wa kwanza? Ndoa ilikuwa na wiki mbili, mama yangu akaja kututazama, nawe ukamwandalia mkate wa mtama na wishwa wote wa maganda ndani. Mimi niliyelelewa kwenye unga mweupe niliona haya. Alipoondoka nikakwambia, "Wishwa ni wa kuku." Ukanijibu bila kuinua macho, "Basi kula, uwe jogoo."

Nikala. Miaka yote nilikula: mtama wa bara usiopepetwa, kunde pamoja na majani yake, na ufuta wa bonde la Mto Juba uliokuwa ukiukaanga na kuunyunyiza juu ya kila kitu, hata wali wa Idi.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Unajua tabia yangu ya daftari: fundi mimi huandika kila kitu, hata mapigo ya moyo tangu nianze vidonge vya presha. Mwezi wa Mfungo Tano, miezi minne baada ya kukuzika, niliandika baada ya sala ya alfajiri: "Moyo umeruka pigo moja." Kesho yake: "Mapigo matatu." Injini ikikosa moto mara moja mimi huisikia kabla ya nahodha. Hii ilikuwa injini yangu mwenyewe, kifuani.

Sikumwambia mtu. Na nikuungamie: sikuogopa, nilifurahi. Watu walikuwa wameacha kukutaja, lakini moyo wangu, nilijiambia, bado unasimama kukungoja. Kila pigo lililoruka nililihesabu kuwa lako.

Siku nilipoanguka juu ya mashine ya mtu ufukweni, mwanao Athumani hakuniuliza. Alinitia botini, tukaenda Kismayu. Daktari alikuwa binti wa Kisomali aliyesomea Nairobi. Alipima umeme wa moyo, akatoa damu, akavitazama vidonge vyangu vya presha, vile vya kukojoza.

"Adeer," aliniita, yaani ami kwa Kisomali, "unakula nini?"

"Wali mweupe. Mkate wa duka. Chai."

"Na zamani?"

Nikamtajia chakula chako, kimoja kimoja. Akaweka kalamu chini.

"Nani alikuwa akikupikia?"

"Mke wangu. Amefariki."

"Allah amrehemu. Alikuwa akikulinda, na nadhani hakujua."

Akanieleza kuwa kuna madini yaitwayo magnesiamu. Vidonge vyangu huyatoa mwilini kwa mkojo, na chakula ndicho huyarudisha. Kalsiamu huukaza msuli wa moyo, magnesiamu huusaidia kulegea. Hata kuta za mishipa hulegea, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu. Yakipungua mno, umeme wa moyo hupotea njia. Nikamuuliza yanapatikana wapi. Katika kunde, akasema, majani ya kijani, ufuta, na katika ganda la nafaka.

"Wishwa?" nikasema.

"Wishwa, adeer."

Subhanallah. Nimesafisha plagi za injini za watu nusu ya umri wangu, nisijue kwamba cheche ya moyo wangu mwenyewe ilitegemea kitu ambacho Mola amekificha katika ganda tunalowatupia kuku.

Alinipa vidonge vya magnesiamu, akanionya nisiache vile vya presha, na nirudi kupimwa, kwani chakula peke yake kisingetosha sasa. Lakini nilipofika nyumbani sikuvimeza. Niliogopa. Moyo ukitulia, je, wewe hutakuwa umeondoka kabisa? Siku nne daftari linasema neno moja: "Sijameza."

Siku ya tano nilifanya nifanyavyo kwa injini: nilitafuta siku ya mwisho iliyokwenda vizuri. Nikarudi nyuma katika daftari, ukurasa kwa ukurasa. Wiki uliyofariki: mapigo sawa. Mwezi uliofuata, nikilia kila siku: mapigo sawa. Kisha, mwezi wa Mfungo Tatu, nikakuta mstari niliokuwa nimeusahau: "Leo nimemaliza unga wa Mama Athumani." Ni lile debe uliloliacha jikoni. Baada ya hapo ni wali mweupe na chai, na miezi miwili mbele, pigo la kwanza kuruka.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Hukuwa katika mapigo yaliyoruka, mke wangu. Ulikuwa katika yale yaliyotulia, miaka yote, na hata miezi kadhaa baada ya kulala kaburini. Mimi nilikuwa nikikutafuta mahali ambapo hukuwapo.

Nikameza kidonge. Kisha nikaenda kwa Bi Amina kuchukua kinu chako nilichomwazima.

Leo asubuhi nimeshika mkono wangu nikahesabu muda mrefu. Hakuna lililoruka. Nikashika mchi, na kuku wa Bi Amina wakapita chini ya ua, wakanizunguka wakingoja wishwa.

Nimewafukuza wote. Wishwa ni wangu.

Mumeo,
jogoo wako