Jina la Mpishi

Mama,

Naanza na habari za jikoni kwa sababu najua ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Mzee Harilal amepata mpishi mwingine wa hoteli yake. Anaitwa Mama Chebet, anatoka upande wa Njoro. Wali anauweza, ila ndengu zake ni nzito kama uji wa mgonjwa, na chapati bado anapigana nazo. Mzee anaonja, anaweka kijiko chini, anaenda zake kaunta. Wewe mwenyewe unajua hilo lina maana gani. Mimi bado niko saiba, kwenye zile kompyuta za kukodisha, bado nawachapia watu barua za kuomba kazi.

Ukurasa wetu pia bado upo kwenye mtandao. Huo ndio umenifanya nikae kukuandikia.

Ukurasa ulianza na mzaha wako. Mwaka jana ulikuwa unarudi kutoka hotelini na chapati kwenye karatasi kila siku, mpaka nikakuambia nimechoka na chapati. Ukasema ukivua viatu, "Basi nitafutie mtu mwingine wa kuzila." Nilikuwa nimejifunza kutengeneza kurasa pale saiba, nikiwawekea watu matangazo ya ploti na ya harusi, na neno lako likanikaa kichwani. Kila hoteli mjini ilikuwa inapika chakula cha mchana cha kumwaga. Ikifika saa tisa watu wa ofisi wamesharudi kazini, na sufuria bado zina wali, ndengu na kabeji. Na kulikuwa na wanafunzi, makarani na walimu wa kupanga chumba kimoja ambao wangenunua kwa nusu bei bila kuuliza mara mbili. Shida ilikuwa moja tu, hawakujua kiko wapi.

Nilichora ukurasa kwenye daftari la hesabu pale mezani kwetu, mtaani Rhonda. Chakula gani, kiasi gani, bei, mwisho wa kuchukua saa ngapi. Nikakuonyesha nikingoja sifa. Ukauliza mahali pa kuandika kilipikwa saa ngapi ni wapi. Nikaongeza. Ukauliza mpishi anaandikwa wapi. Nikakuambia watu hawanunui mpishi, wananunua wali. Ukanipokonya kalamu, ukachora mraba wako juu kabisa, mistari imepinda, ukasema, "Mtu akiumwa na tumbo ajue anamtafuta nani."

Mimi nilitaka jina la hoteli. Aliyekataa ni Mzee Harilal. Kuuza alikubali mara moja, maana kwake chakula kikishagusa sahani ya mtu hakirudi jikoni hata punje moja, lakini cha sufuria ni safi mpaka mwiko wa mwisho. Ila jina, hapana. "Weka mama, usiweke hoteli," akaniambia. "Watu watasema kwa Harilal chakula hakiendi." Nilizunguka hoteli zingine mjini, na wenyewe wakasema vivyo hivyo. Basi ukurasa ukawa wa wapishi. Herufi kubwa juu kabisa: Mama Kemunto, wali kwa ndengu, sahani kumi na mbili, umepikwa saa nne. Mtu anaweka nafasi kwa kompyuta, au ananitumia meseji namwekea mimi, halafu anakuja na chombo chake kuchukua kwa keshia. Walikujua kwa jina na kwa mkono wako, lakini sura yako hawakuijua.

Sikuwahi kukuambia, lakini nilikuwa napenda kuuona ukurasa ule ukifunguka. Wewe ni Mama Kemunto kwa sababu mimi nilizaliwa wa kwanza. Jina lako lilikuwa na langu ndani yake, na watu walikuwa wanalitafuta.

Halafu ukaja uchaguzi na fujo zake. Sitakueleza uliyoyaona mwenyewe. Hoteli ilifungwa, tukakaa ndani, majirani wakahama na vitanda vyao juu ya mikokoteni. Keshia alienda kwao na hakurudi. Mzee alipofungua tena mwezi wa pili, ukawa unapika na kugawa mwenyewe kwenye mlango wa nyuma. Au tuseme ulikuwa umesimama pale tayari kugawa, maana hakuna aliyekuja. Meseji zilikuja, lakini hazikuwa za bei. Mmoja akaandika, "Huyu Mama Kemunto ni wa wapi?" Mwingine, "Boss, hakuna mwingine anapika?" Hawakutukana. Waliuliza tu. Jina letu linasema kabila letu na kwetu ni wapi kabla hatujafungua mdomo, na siku zile kila mtu alikuwa anapima majina ya wenzake.

Chakula kilibaki siku sita mfululizo. Wateja wa mchana walikuwa wamepungua, kwa hiyo hicho cha saa tisa ndicho kilichokuwa kinashikilia jiko. Mzee akaniambia, bila ubaya, kwamba mambo yakiendelea hivyo atafunga jiko abaki na chai na mandazi. Hakuhitaji kuniambia maana yake ni nini kwako.

Siku ya saba nilifuta Mama Kemunto nikaandika Mama Joy. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Joy anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote. Saa kumi sufuria zilikuwa tupu. Ulirudi nyumbani unaimba, ukasema watu wameanza kutulia. Nikakujibu ndiyo Mama, wameanza kutulia.

Ulijua baada ya wiki tatu hivi. Sikuwepo, ulinisimulia wewe mwenyewe ukichambua maharagwe. Mwalimu mmoja alikuja na bakuli lake, akakuambia, "Asante sana Mama Joy, hizi chapati ziko sawa kabisa." Ulinisimulia bila kupaza sauti. Ukaniuliza, "Joy ni nani?" Nikasema ni jina la biashara tu, Mama. Ukasema, "Haya," ukaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Na kesho yake ukaitika. Hapo ndipo uliponimaliza. Kuanzia siku ile walikuita Mama Joy pale mlangoni nawe ukaitika, ukawatania, ukawaongezea mchuzi, ukawauliza habari za watoto. Nilitaka unigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, nina kazi yako, nina kodi ya nyumba, nina Mzee na chai yake. Hukunipa nafasi. Miezi mitano nilikuwa najiambia nitakueleza Jumapili, na Jumapili ikifika nafua. Sijui kama ulinisamehe au ulichoka tu, na sasa sitajua. Linaniuma sana hili, Mama.

Mwezi wa nane presha ikakuchukua ndani ya siku mbili. Ya hospitali sitaki kuandika. Nitaandika nilichofanya kesho yake asubuhi. Nilienda saiba nikaweka tangazo kwenye ukurasa: wiki hii hakuna chakula, tumempoteza mpishi wetu, Mama Joy wa Rhonda. Fikiria. Wewe umelala mochari, na mimi bado naogopa wateja.

Tukakaa matanga, tukakupeleka nyumbani, tukakuzika kando ya Baba. Watu walikuwa wengi, mvua ilitusubiri mpaka tukamaliza. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji tangu siku ya kwanza ya matanga na sikujali. Niliporudi Rhonda nikaichaji, nikakuta meseji: "Tumekuja Rhonda watu wanne na mchango wetu kidogo. Tumeuliza nyumba ya Mama Joy mpaka giza. Wanasema hapa hakuna Mama Joy. Tafadhali tuelekeze."

Nilimuuliza mama wa duka. Akasema ndiyo, watu fulani walipita na mfuko wa unga na sukari wakimtafuta mtu asiyejulikana hapa. Walipita mbele ya geti letu, Mama. Sisi tulikuwa ndani tunaimba. Wakarudi mjini na sukari yao.

Nikaitafuta namba ile kwenye simu. Kulikuwa na meseji nyingine yake ya mwezi wa pili ambayo sikuwa nimeifuta. "Huyu Mama Kemunto ni wa wapi?" Ni mtu yuleyule. Alikula kwako miezi mitano, akatembea Rhonda nzima akikutafuta akulilie, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Usidhani nilikuwa jasiri baada ya hapo. Nilikaa na meseji ile wiki mbili bila kuijibu. Nilijiambia yamepita, wacha jiko litembee. Halafu Mzee akamtuma Mama Chebet saiba nimwingize kwenye ukurasa. Alikaa kwenye kiti kando yangu, mkoba magotini, akaniuliza, "Utaniandika nani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza akiwa ameshajiandaa kupewa jina la mtu mwingine, na alihitaji kazi. Alikuwa ametulia vilevile ulivyotulia wewe na maharagwe yako. Nililia mbele yake, mbele ya wateja wa saiba, na mtu mmoja akadhani kompyuta imeharibika.

Nikamwandika Mama Chebet. Juu ya jina lake nikaandika hivi: "Mpishi mliyemwita Mama Joy alikuwa Mama Kemunto. Jina nililibadilisha mimi bila kumwambia. Mimi ni Kemunto." Nikabofya kabla sijapata akili ya kuogopa.

Wengine wamenyamaza mpaka leo. Mmoja aliandika kwamba niliwadanganya, na ni kweli niliwadanganya. Siku tatu chakula kilibaki, na sijui ni kwa sababu ya jina lako, au la Mama Chebet, au ni zile ndengu. Mzee alisoma tangazo, akavua miwani, akasema, "Ungefanya hivi yeye akiwa hai."

Jana saa tisa na nusu meseji ikaingia. Namba ile. "Pole sana Kemunto. Sikujua. Tunataka kuja Jumapili. Nyumba ni ipi?"

Nimemjibu ashuke Rhonda aulize mtu yeyote, hata mtoto, kwa Mama Kemunto.

Kwa hiyo Jumapili nina wageni wako. Nitapika mimi, na uwaombee. Wewe nakuahidi jambo moja: sitamwandika tena mtu jina ambalo hakunipa yeye mwenyewe, chakula kiende kisiende. Na kwa lile la Joy, nisamehe. Nilipaswa kukuambia siku ya maharagwe.

Kwaheri, Mama.

Mimi, mtoto wako wa kwanza,
Kemunto