Rafiki Yangu Ananitegemea Nimshikie Chuma, Nami Nguvu Sina

Shangazi Kissa, kabla hujaendelea kusoma ujue kwamba anayekuandikia leo si mtu wa kupanga foleni na barua nyingine. Suruali ya jinzi uliyovaa wewe, au aliyovaa mwanao, au ile iliyoanikwa kwa jirani, kuanzia Tunduma mpaka Tarime, ilipita kwanza kwenye mikono hii yangu huku Guangzhou, na kule Xintang kwenye viwanda vya jinzi nikishuka tu kwenye gari cherehani zinasimama, mafundi wananong'onezana laoban mkubwa kaingia, maana laoban kwao ni bosi. Naitwa Abednego, mtu wa Makambako, na shikamoo nakupa kwa hisani tu kwa sababu gazetini unaitwa Shangazi, ila kwa umri nadhani nimekuzidi. Nina shida, nisaidie, na naomba usinicheke, na kama lazima ucheke basi cheka umalize ndipo uandike.

Mimi nakaa Sanyuanli, chumba kimoja na Jovin, mfanyabiashara mwenzangu wa simu na chaja, na chini ya jengo letu kuna jimu ya kubebea vyuma, nami nilijiunga na jimu hiyo kwa sababu ya kiyoyozi na bafu la maji ya moto, maana heta ya chumbani kwetu ilikufa na mwenye nyumba kila siku anasema kesho. Hilo la bafu sikumwambia mtu. Nikiingia pale natembea polepole katikati ya mashine, taulo shingoni, nagusa chuma hiki, naguna kwa kile, natikisa kichwa kama mtu aliyeona kazi mbovu, halafu naenda kuoga. Na mwili niliopewa na Mungu, Shangazi, ni mwili wa kutisha, mabega haya yakipita mlangoni lazima nigeuke ubavu, kwa hiyo pale ndani wote waliamini mimi ni mbeba vyuma wa kimataifa, nami sikuona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Sasa kuna bwana mmoja anaitwa Liang, rika langu, ana mgahawa wa tambi uchochoroni nyuma ya jengo letu. Siku moja alikuwa amelala kwenye benchi, chuma kiko juu ya kifua chake, vijana wote waliomzunguka wameziba masikio kwa spika zao za muziki, akageuza shingo akaniona, akaniita, "Pengyou, bangmang!" yaani rafiki, nisaidie. Nikajibu, "Keyi, keyi," yaani inawezekana.

Nikueleze hapa unielewe. Sisi wafanyabiashara wa huku neno hapana hatulijui. Mteja akinipigia kutoka Songea anataka makoti ya mvua ya watoto rangi ya zambarau, mimi makoti hayo sijawahi kuyaona kwa macho yangu, lakini namwambia yapo, nakata simu, naanza kuzunguka maghorofa ya jumla mpaka niyapate. Oda inachukuliwa kwanza, mzigo unatafutwa baadaye, ndivyo tunavyoishi. Basi na kwa Liang nilichukua oda. Nikasimama kichwani pake, nikaweka viganja chini ya chuma bila kugusa sana, nikapiga kelele, "Twende! Twende mwanaume! Usiniangushe!" na yule bwana akakipandisha mwenyewe mpaka juu, akakirudisha, akaamka ananishika mkono kwa mikono yote miwili. Akaniuliza kwa simu yake inayotafsiri, nguvu hizi nimezitoa wapi, nikamweleza ule mkasa wangu wa Mikumi, nilivyoinua ubavu wa lori la mbao peke yangu ili dereva abadilishe tairi, na simba amekaa pembeni anatutazama kwa adabu. Simu ikatafsiri yote, mpaka simba.

Tangu hapo hanyanyui chuma kizito bila mimi. Akinyanyua, mimi napiga kelele, tukimaliza tunakwenda mgahawani kwake, ananiwekea yai la ziada juu ya tambi, ananionyesha picha za binti yake anayefanya kazi Foshan, ananiuliza jana nililalaje. Shangazi, sokoni kila anayeniita pengyou ana kitu anataka ninunue, na mimi nikimwita hivyo nataka apunguze bei. Liang ananiita hivyo bure tu. Katika miaka yangu yote huku sikuwahi kupata wa kuniuliza nililalaje.

Sasa Alhamisi iliyopita aliongeza sahani za chuma, akakishusha mpaka kifuani, akakipandisha, kikafika katikati kikagoma. Uso wake ukawa mwekundu, nikajua leo ndiyo leo, nikakishika kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote nilizozaliwa nazo, na chuma, Shangazi, hakikunisikia kabisa. Mwisho Liang alipiga yowe akakimalizia kwa hasira zake mwenyewe. Akaamka jasho linamtiririka, akanikumbatia. Jovin alikuwa kwenye mashine ya kukimbilia, ameona yote. Tulipofika chumbani akaniuliza, "Anko, nieleze vizuri. Pale ulikuwa unavuta, au ulikuwa umening'inia?"

Nikamwambia, "Hujui ufundi wewe."

"Ufundi gani? Miguu yako ilikuwa inacheza hewani! Anko, utamuua Mchina wa watu."

Usingizi umekata tangu siku hiyo. Jumapili hii inayokuja Liang anataka kunyanyua kilo mia. Zamani aliwahi kuumia bega, daktari akamwambia vyuma asahau, na binti yake anakuja kutoka Foshan kumpiga video aone baba amerudi. Nimefikiria kujifanya nimeitwa nyumbani kwa dharura, nibebe begi mbele yake kama naelekea uwanja wa ndege wa Baiyun kisha nijifungie chumbani, lakini dirisha letu linatazama mlango wa mgahawa wake, na tena huyu bwana hana mazoea ya kuomba wengine, nisipotokea atanyanyua peke yake. Nikitokea, anashusha kilo mia juu ya shingo yake kwa kunitegemea mimi. Nikimwambia ukweli, atajua mimi mwongo, na yai la ziada kwaheri, na rafiki kwaheri. Nifanyeje?

Abednego, Guangzhou.

*Shangazi Kissa anajibu:*

Abednego, pole nitakupa mbele huko. Kwanza nikuseme.

Umebeba tabia ya sokoni ukaipeleka mahali penye shingo ya mtu. Ukikosa makoti ya zambarau unampigia mteja wa Songea unamwomba radhi, atanuna, atanunua kwa mwingine, maisha yanaendelea. Kwenye benchi huna muda wa kwenda kutafuta mzigo. Ukisema inawezekana, mwenzako anashusha chuma juu ya koo lake muda huo huo, kwa neno lako hilo. Wewe unaogopa aibu, yeye anaweka roho. Pima mwenyewe kipi kizito.

Nimeongea na Derick, kocha wa mazoezi hapa mjini kwetu, na alipomaliza kucheka alikasirika. Anasema anayesimama kichwani pa mtu lazima awe na uwezo wa kukitoa kile chuma kweli, na kama hana, aseme pale pale, kabla mwenzake hajalala. Kukataa kumshikia mtu chuma hakumvunjii heshima yeyote. Anayekuomba umshikie anakuuliza swali tu, hakupi cheo. Na anasema kwa uzito huo hata mwenye nguvu asisimame peke yake: asimame mtu kila ncha ya chuma, wakishike pamoja.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa Liang kabla ya Jumapili, nenda mgahawani akiwa amesimama kwa miguu yake, usingoje awe amelala kwenye benchi. Tumia sentensi fupi ili simu isikuchanganyie habari: Sina nguvu za kukushikia. Alhamisi sikukusaidia. Tutafute wengine. Basi. Habari za simba waachie wenyewe huko Mikumi, kinachoua ni chuma.

Halafu muende wote wawili kwa hao vijana wenye spika masikioni. Msimguse mtu bega akiwa na uzito mkononi. Ngojeni auweke chini, apumue, mpungieni mkono azivue hizo spika, kisha muombeni kwa adabu. Mwonyesheni uzito ni huu, Liang atajaribu mara moja, naye kijana asiguse mpaka aitwe au aone chuma kimegoma. Akisema hapana, shukuruni, nendeni kwa mwingine bila kununa. Wawili wasipopatikana, hakuna kilo mia siku hiyo, binti atarudi Foshan ameshiba tambi na baba yake mzima.

Sasa pole yako. Najua mtu anaweza kukaa mji wa watu miaka, akawa anazungumza bei tu asubuhi mpaka jioni, na akimpata mmoja wa kumuuliza umelalaje, anaogopa hata kukohoa asije akamfukuza. Pole sana, kaka yangu. Lakini mtu hampi mwenzake yai kila siku kwa ajili ya lori la mbao. Huyo amekupenda ulivyo, na wewe ndiye uliyekataa kumpa nafasi akujue. Mwambie leo. Kisha umuombe akufundishe kubeba vyuma, maana jimu hiyo umeioga vya kutosha.

*Abednego ametuandikia tena:*

Shangazi, nilikwenda. Ningekuwa mtu mwingine ningekimbia, lakini unanijua. Nilimkuta Liang anakata vitunguu, nikaandika kwenye simu zile sentensi zako, na nikaongeza moja ya kwangu: Nilikuwa nimening'inia. Akasoma. Akafuta mikono. Akalitazama tumbo langu, akaitazama simu tena, halafu akaongea, na ile simu ikasema kwa sauti ya yule mama anayetafsiri humo ndani: "Najua. Ulipokishika kilikuwa kizito zaidi."

Nikamuuliza, sasa mbona ulinyamaza? Akasema alishamwambia binti asije Jumapili, kwamba bega linauma, ili nisiaibike mbele ya mgeni. Bega halikuwa linauma hata kidogo. Nikamuuliza, na kwa nini usiombe wale vijana? Akainamisha kichwa. Akasema umri wake ule, kwenda kumsumbua kijana avue spika masikioni, anaona haya, na mimi ndiye pekee niliyekuja ninacheka. Tukacheka mpaka vitunguu vikaungua. Akampigia binti pale pale, akamwambia njoo.

Jumapili tukawaendea vijana wawili, tukangoja wakapumzika, tukawapungia mkono. Wakavua spika. Wakakubali kabla Liang hajamaliza kuuliza, na mmoja akasema siku zote walitaka kutusaidia ila walikuwa wananiogopa mimi na kelele zangu. Wakasimama mmoja kushoto, mmoja kulia. Binti akashika simu. Mimi nikapewa kazi niliyosomea, ya kupiga kelele, na nilipiga mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kutazama. Chuma kikashuka, kikagusa kifua, kikapanda, kikasita kidogo pale katikati, wale vijana wakaweka viganja tayari, hawakugusa, na Liang akakifikisha juu mwenyewe. Kilo mia, Shangazi! Binti analia, baba anacheka, mimi nimembeba Liang begani, au tuseme nilijaribu.

Halafu Liang akanigonga kifua, akaniambia zamu yako. Jimu nzima ikageuka. Nikalala kwenye benchi, nikashika chuma, nikakinyanyua. Moja, mbili, tatu, watu wanahesabu kwa Kichina, mimi napumua kama treni ya TAZARA inapanda mlima. Mara kikashuka hakikupanda tena. Kikanikalia kifuani. Na mimi Abednego, ambaye neno hapana silijui na nisaidie sijawahi kuitamka mbele ya watu kwa lugha yoyote, nikapiga yowe, "Bangmang!" Wakaja wanne, wakiwemo wawili nisiowajua kabisa, na binti akaacha kupiga video akaja naye, wakakitoa. Hakuna aliyenicheka. Liang amesema kesho tunaendelea.

Barua nilitaka iishie hapo, lakini Jovin amesimama nyuma yangu anasoma na amekataa niitume bila kusema uzito. Basi nasema. Chuma chenyewe kilikuwa kitupu, hakina sahani hata moja.