Mama wa Jiwe wa Champlin

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na mvua haijaozesha maharage. Sisi wazima. Natasha, yatima wa marehemu mdogo wangu Tumpe uliyenikabidhi, anarefuka tu. Suruali za Krismasi zimeshakuwa fupi. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, na mimi nimechoka kugombana naye.

Bado namwuguza Mzee Harrison kule Champlin, mwalimu mstaafu asiyetoka kitandani. Sebuleni kwake kuna sanamu ya jiwe, nakala ya mungu wa kike wa Waazteki, watu wa kale wa Meksiko: mwanamke amepiga magoti, uso wa fuvu, mikono juu, kucha kama za tai. Mzee alinieleza kwamba kwao mwanamke aliyekufa akijifungua alihesabiwa shujaa wa vita, akawa mungu. Siku maalumu aliteremka njia panda kutafuta watoto, na kina mama waliwafungia wana wao ndani. Siku hizo Mzee huniomba niifunike sanamu kwa shuka. Nilimtania kwamba hata miungu yao ina zamu, kama sisi manesi. Hakucheka.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mojawapo ya siku hizo. Yaya wa Natasha aliugua, ikabidi niende naye kazini. Niliifunika sanamu mwenyewe, nikamwacha mtoto sebuleni anachora, nikaenda kumwogesha Mzee. Niliporudi, shuka lilikuwa sakafuni, limekunjwa vizuri. Natasha alikuwa amekaa juu ya magoti ya lile jiwe, sikio mdomoni pa sanamu. Nilimwuliza anafanya nini. Akanijibu kwa Kiswahili, Mama, kile chetu cha Tukuyu.

"Anasema aliambiwa asubiri."

Neno lile tulilijua watu wawili tu, mimi na Tumpe, na Natasha hajawahi kuambiwa mama yake alikufaje.

Siku Tumpe alipokufa akijifungua, ulikuwa msibani Kyela. Chupa ya uzazi ilipopasuka, Nesi Fadhila wa zahanati alimwambia Tumpe aende hospitali ya wilaya saa ile ile. Tumpe akanipigia mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye nesi wa Marekani. Nilikuwa na miezi minne tu darasani. Nikamwambia manesi wa huko wana woga, mtoto wa kwanza huchelewa, asubiri. Akasubiri. Mlipomlaumu Fadhila kwamba ndiye aliyemchelewesha, nilinyamaza. Alipoachishwa kazi, nilinyamaza pia. Naona aibu, Mama. Niliogopa utasema Natasha arudi. Ukisema hivyo leo, nitamleta mwenyewe.

Nisalimie Baba Mdogo na wenzako wote wa kwaya. Kisha nenda kwa Fadhila, umsomee barua hii yote, usiruke neno. Mpe shikamoo yangu. Akikataa kuipokea, usimlazimishe.

Mwanao,
Tulia