Kanda ya Tisa kutoka Kangema

Nairobi, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo hapo Nyeri? Goti lako linaendeleaje? Mimi niko mzima. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako husomwa na kila anayeingia hapo nyumbani.

Taasisi yetu ya Maendeleo ya Afrika inatimiza miaka hamsini, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kuandika historia yake. Jana nilifungua sanduku la utafiti wa wakulima wa majani chai, mwaka wa 1987. Kanda za sauti kumi na mbili, na katika zote anayeuliza maswali ni wewe! Unaongea haraka kama mtu anayefukuzwa. Tutaziweka zote mtandaoni watu wasikie.

Binti yako,
Nyawira

Nyeri, 7 Machi 2025

Mwanangu Nyawira,

Goti ni lile lile. Mama yako anakusalimu. Barua yako imeninyima chakula.

Kanda ya tisa ni ya Beth wa Kangema. Nilimwuliza bei ya majani chai, akaanza kulia. Akasema mumewe hakuhamia Nairobi kama watu walivyoambiwa. Jirani yao Moffat alimuua kwa sababu ya mpaka wa shamba, na Beth aliona kwa macho yake. Moffat alikuwa ndugu wa chifu. Nilimwahidi Beth kwamba kanda hiyo haitatoka nje ya Taasisi.

Moffat bado yuko hai, Nyawira. Mashamba yao bado yanapakana. Iondoe. Usingoje ruhusa ya mtu.

Baba yako

Nairobi, 12 Machi 2025

Baba,

Natumaini hii inakukuta salama. Mimi moyo haujatulia. Nimechelewa. Mkurugenzi alikuwa ameshaziweka mtandaoni kabla barua yako haijafika. Ile ya tisa nimeitoa, lakini ilikuwa imesikilizwa mara arobaini na tatu, na chini yake mtu asiyejitaja ameandika: "Huyu mama bado anaishi pale pale?"

Naogopa, Baba. Nifanye nini?

Nyawira wako

Nyeri, 17 Machi 2025

Mwanangu,

Tuko wazima, sote watatu. Siku niliyopata barua yako nilienda Kangema. Beth alikuwa jikoni, amejifungia mchana. Wana wawili wa Moffat walikuwa wamemletea sukari. Miaka yote hiyo hawajawahi kukanyaga kwake. Ati walitaka tu kujua kama bado analala peke yake.

Nikamwambia, "Mama, nilikuahidi, na sasa ahadi imevunjika."

Akaniangalia. "Mimi nilikuambia uende ukaseme. Ni wewe ulisema tunyamaze."

Ni kweli. Hiyo sikukuandikia.

Jana tuliandikisha taarifa kwa polisi, yeye kwanza, kisha mimi. Walisema watamwendea Moffat. Hatujasikia lolote.

Katika historia yako usiandike kwamba msaidizi wa utafiti alimtunzia mama huyo siri. Andika kwamba aliogopa.

Beth yuko chumbani mwako. Ameniuliza mara tatu kama mlango unafungwa kwa ndani. Usije nyumbani wiki hii.

Baba yako,
Mwai